Mita 22.63: rekodi ya tufe ambayo wanawake wa leo hawaikaribii

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 19 na ninarusha tufe. Juzi nilikuwa napitia orodha ya rekodi za dunia nikashangaa. Ya wanaume, mita 23.56, iliwekwa 2023. Ya wanawake, mita 22.63, ni ya 1987, na mabingwa wa siku hizi wanashinda kwa mita 20. Ina maana wanawake wa zamani walikuwa na nguvu kuliko sisi? Halafu nisaidie na hili: nijifunze mtindo wa kuteleza au wa kuzunguka?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Maswali yako ni mawili lakini historia yake ni moja, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Kurusha tufe ni mchezo wa nafasi finyu. Tufe la wanaume lina kilo 7.26, la wanawake kilo 4. Duara lina kipenyo cha mita 2.135. Namba hizi hazikai vizuri mdomoni kwa sababu ni vipimo vya Kiingereza vilivyogeuzwa: pauni 16 na futi 7. Mbele ya duara pana ubao wenye kimo cha sentimita 10. Mguu ukiugusa kwa upande wa ndani ni halali, ukikanyaga juu yake bendera nyekundu inapanda. Tufe lianzie shingoni karibu na kidevu, lisishuke chini ya hapo, lisirudi nyuma ya mstari wa mabega, na litoke kwa mkono mmoja. Ndani ya masharti hayo, kila kizazi cha warushaji kimejiuliza jambo lile lile: hizi mita mbili na ushei nizitumieje ili tufe liondoke mkononi likiwa na kasi kubwa zaidi?

Kasi ndiyo kila kitu. Kwa wanaume wa daraja la juu tufe huondoka mkononi kwa takriban mita 14 kwa sekunde. Ukiongeza moja ya kumi tu ya mita kwa sekunde juu ya hapo, umepata zaidi ya robo mita ya umbali. Pembe ya kuondokea nayo ina kazi yake, na utasikia watu wakitaja nyuzi 45 walizosoma darasani. Warushaji wakubwa hutupia chini ya 40. Sababu ni mbili: tufe linaanzia juu ya kichwa chako wakati linaangukia chini, na mwili wa binadamu unasukuma kwa nguvu zaidi mkono unapoelekea mbele kuliko unapoelekea juu.

Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896, tufe lilikuwamo, ila kwa wanaume pekee. Wakati ule walirushia ndani ya mraba badala ya duara. Robert Garrett wa Marekani alishinda kwa mita 11.22, rekodi ya leo ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Miongo iliyofuata ilitawaliwa na Wamarekani wenye miili mikubwa. Ralph Rose alichukua dhahabu mwaka 1904 na 1908, na rekodi yake ya mita 15.54 ya mwaka 1909 ndiyo ya kwanza kutambuliwa na shirikisho la kimataifa. Stockholm 1912 palikuwa pia na shindano la kurusha kwa mikono yote miwili kwa zamu, matokeo yakijumlishwa. Rose alilishinda, na halikurudiwa tena. Sehemu kubwa ya kipindi hicho mrushaji alisimama ubavu ukielekea uwanjani, akaruka hatua moja, akasukuma. Umbali ulipanda polepole mno: mwaka 1948 dhahabu ilipatikana kwa mita 17.12.

Kisha akaja Parry O'Brien, na hapa nataka utulie, kwa sababu mtindo wa kuteleza unaouuliza umetoka kwake.

O'Brien aliugeuzia uwanja mgongo. Hilo tu. Badala ya kuanza ubavu, alianza akitazama nyuma, ameinama, uzito wote uko mguu wa kulia, halafu akateleza kinyumenyume hadi katikati ya duara ndipo kiwiliwili kikaanza kufunguka. Jaribu mwenyewe polepole bila tufe. Ukianza ubavu, bega lako linasafiri robo ya mzunguko kabla ya kuachia. Ukianza kwa mgongo, linasafiri nusu nzima. Tufe linasukumwa kwa njia ndefu zaidi ndani ya duara lile lile. Alishinda Olimpiki 1952 na 1956, na katika kipindi hicho alishinda mashindano 116 mfululizo. Rekodi ya dunia aliikuta ikiwa mita 17.95, akaiacha kwenye 19.30 mwaka 1959. Mwaka 1960 Bill Nieder alivuka mita 20 kwa mtindo huo huo, na Randy Matson akaipeleka hadi 21.78 mwaka 1967.

Baada ya hapo kuteleza kulianza kufika ukingoni. Mtu ataongeza misuli, atanyoosha mbinu, lakini mstari ulionyooka ndani ya mita 2.135 una mwisho wake. Dawa ya ufinyu ule ilikuwa kuzunguka, kama wafanyavyo warusha kisahani, kwa sababu anayezunguka hupata njia ndefu ya kukusanya kasi pasipo kutoka nje ya duara. Mrusi Aleksandr Baryshnikov ndiye aliyeuingiza mtindo huo kwenye vitabu vya rekodi: Julai 1976, jijini Paris, alirusha mita 22.00, wa kwanza kufika hapo kirekodi.

Wiki chache baadaye alikwenda Olimpiki ya Montreal. Kwenye mchujo akarusha mita 21.32, rekodi mpya ya Olimpiki. Fainali ilipokuja akaishia mita 21.00 na medali ya shaba. Dhahabu ilichukuliwa kwa mita 21.05 na Udo Beyer wa Ujerumani Mashariki, kijana wa miaka 20 aliyekuwa anateleza. Mrusho wa Baryshnikov wa kwenye mchujo ungemtosha kuwa bingwa. Usiusahau mfano huu, nitaurudia mwishoni.

Sasa tufike kwa wanawake, maana ndiko lilikolala swali lako.

Wanawake waliruhusiwa kurusha tufe kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza London 1948, miaka 52 baada ya wanaume. Bingwa wao wa kwanza alikuwa Micheline Ostermeyer wa Ufaransa, mpiga piano wa kumbi kubwa za muziki. Mashindano yale yale alishinda na kisahani, akapata shaba katika kuruka juu. Mrusho wake wa dhahabu wa tufe ulikuwa mita 13.75. Tazama ngazi iliyofuata: Galina Zybina 15.28 mwaka 1952, Tamara Press 18.14 mwaka 1964, Margitta Gummel 19.61 mwaka 1968, Nadezhda Chizhova 21.03 mwaka 1972. Ndani ya miaka 24 dhahabu ya wanawake ilisogea mita 7.28.

Sehemu ya ongezeko hilo ni halali kabisa na tuiheshimu. Wanawake walikuwa wamezuiliwa. Walipofunguliwa mlango, wakapewa makocha, muda na vyuma vya kunyanyua, lazima wangepanda haraka. Lakini sehemu nyingine ilitoka kwenye vidonge. Homoni za kiume zilizotengenezwa viwandani, yaani steroidi, zilienea katika michezo ya nguvu tangu miaka ya 1960, na Olimpiki haikuanza kuzipima hadi Montreal 1976. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, nyaraka za Ujerumani Mashariki zilionyesha kwamba nchi ile ilikuwa na mpango wa serikali wa kuwapa wanamichezo dawa hizo, wakiwamo wasichana wadogo ambao hawakuambiwa wanachomeza. Heidi Krieger, bingwa wa Ulaya wa tufe mwaka 1986, alipewa dozi kubwa tangu akiwa kijana, na mwili wake ulibadilika kiasi kisichorudi nyuma. Leo anaishi kama mwanaume, Andreas Krieger, na amesimama hadharani mara nyingi kusimulia yaliyompata. Sisomi habari zake bila kuumia moyo. Ninapofundisha wasichana humfikiria yeye kwanza kabla ya rekodi yoyote.

Kwa nini dawa zilivuruga zaidi rekodi za wanawake kuliko za wanaume? Mwili wa mwanaume tayari unatengeneza homoni hizo kwa wingi, kwa hiyo anayeongezewa anapata nyongeza juu ya kitu alichonacho. Mwili wa mwanamke una kiasi kidogo sana, hivyo kipimo kile kile kinaleta badiliko kubwa mno la misuli. Ilona Slupianek alikutwa na dawa mwaka 1977, akafungiwa, akarudi, na Moscow 1980 akashinda kwa mita 22.41. Hiyo bado ndiyo rekodi ya Olimpiki. Mwaka 1987 Natalya Lisovskaya wa Umoja wa Kisovyeti akarusha 22.63, rekodi unayoiuliza. Simtuhumu, rekodi yake imetambuliwa rasmi na siwezi kumhukumu mtu kwa zama alizozaliwa. Ninachosema ni kwamba zama zile upimaji ulifanyika zaidi siku za mashindano, na mtu aliyejua tarehe alijua lini aache vidonge. Upimaji wa kushtukiza, mpimaji anagonga mlango wako alfajiri siku usiyoijua, ulikuja kushika mizizi kuanzia mwisho wa miaka ya 1980.

Uliposhika, angalia kilichotokea kwenye dhahabu za Olimpiki za wanawake: 22.24 mwaka 1988, 21.06 mwaka 1992, 20.56 mwaka 1996, 20.56 tena mwaka 2000, 19.59 mwaka 2004. Mwaka 2024 mjini Paris Yemisi Ogunleye wa Ujerumani alishinda kwa mita 20.00 kamili. Ukimlinganisha na bingwa wa 1980 amepungukiwa mita 2 na sentimita 41. Hakuna maelezo ya mazoezi, chakula wala kipaji yanayoweza kueleza kizazi kizima, dunia nzima, kurudi nyuma kiasi hicho huku sayansi ya mazoezi ikisonga mbele.

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Wanawake wa zamani walikuwa wanamichezo wa kweli wenye bidii, lakini namba zao nyingi zimebeba kitu ambacho wewe hutakiwi kukibeba. Zimewahi kutolewa hoja za kufuta rekodi zote za zamani. Mwaka 2017 viongozi wa riadha Ulaya walipendekeza jambo la namna hiyo. Mimi siungi mkono kufuta. Utafutaje bila kumdhulumu aliyerusha kwa jasho lake? Ila kijana anayejipima kwa 22.63 anajidhulumu yeye.

Wanaume nao hawakuwa wasafi. Ulf Timmermann wa Ujerumani Mashariki alivuka mita 23 kwa mara ya kwanza mwaka 1988, 23.06, na bado hakuna aliyemzidi kwa mtindo wa kuteleza. Mei 1990 Randy Barnes wa Marekani, mzungukaji, akarusha 23.12. Mwaka huo huo akakutwa na dawa akafungiwa. Akarudi, akashinda Olimpiki ya 1996, kisha mwaka 1998 akakutwa tena na kufungiwa maisha. Rekodi yake ilibaki kitabuni kwa miaka 31.

Na kuna siku moja ya tufe ambayo ningependa kila mrushaji aijue. Mwaka 2004 Olimpiki ilipokuwa Athens, shindano la tufe lilipelekwa Olympia, kwenye uwanja wa kale wenyewe. Watazamaji walikaa kwenye miteremko ya nyasi kama watu wa kale walivyokaa. Ajabu ni kwamba Wagiriki wa kale hawakuwa na mchezo wa kurusha tufe. Wao walirusha kisahani na mkuki, wakati tufe letu lina asili ya mawe yaliyosukumwa huko Scotland. Lakini mahali pale ambapo zamani wanawake walikatazwa kushindana, siku ile wanawake ndio waliofungua: Kristin Heaston wa Marekani alirusha wa kwanza kabisa.

Siku nzuri, ikatiwa doa kotekote. Kwa wanawake Irina Korzhanenko wa Urusi alishinda, vipimo vikaonyesha steroidi, dhahabu ikaenda kwa Yumileidi Cumbá wa Kuba. Kwa wanaume Adam Nelson wa Marekani alirusha mita 21.16 jaribio la kwanza, kisha majaribio matano yaliyobaki yote yakawa batili. Yuriy Bilonoh wa Ukraini akamfikia kwa 21.16 raundi ya mwisho, akapewa ushindi kwa sababu mrusho wake wa pili kwa ubora ulihesabika na Nelson hakuwa nao. Mwaka 2012 sampuli ya Bilonoh ilipimwa upya, ikakutwa na dawa, akavuliwa. Nelson alikabidhiwa dhahabu yake mwaka 2013 kwenye uwanja wa ndege wa Atlanta, katika eneo la kula abiria, miaka tisa baada ya shindano. Valerie Adams wa New Zealand, aliyekuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo kati ya 2007 na 2013, naye alishuka jukwaani London 2012 na fedha. Siku chache baadaye Nadzeya Ostapchuk wa Belarusi akavuliwa, na Adams akavishwa dhahabu nyumbani kwao Auckland. Medali wanarudishiwa. Ile dakika ya jukwaani, wimbo wa taifa ukipigwa uwanja umejaa, hairudi.

Kwa nini basi wanaume wameweza kuivunja rekodi yao, na kuivunja sana? Kwa maoni yangu mbinu imewavusha pale ambapo dawa ziliwafikisha wengine. Kipindi cha mpito kilikuwa kirefu: Tomasz Majewski wa Poland alishinda Olimpiki 2008 na 2012 akiteleza, David Storl wa Ujerumani akawa bingwa wa dunia 2011 na 2013 akiteleza. Tangu hapo dhahabu kubwa zimekuwa za wazungukaji. Mashindano ya dunia ya Doha mwaka 2019 yalikuwa kilele cha shindano zima, si cha mtu mmoja. Joe Kovacs alishinda kwa 22.91, Ryan Crouser na Tom Walsh wote 22.90, na Walsh akashuka hadi shaba kwa sababu baada ya mrusho wake wa kwanza hakupata mwingine halali. Wa nne, Darlan Romani wa Brazili, alirusha 22.53, yaani sentimita moja zaidi ya rekodi ya Olimpiki ya wakati ule, akaondoka mikono mitupu.

Crouser ndiye mrushaji bora niliyewahi kumwona, nalisema bila kusita. Ana urefu wa mita 2.01, lakini ukimtazama utaona utulivu wake kabla ya ukubwa wake. Juni 2021 alirusha 23.37 mjini Eugene na kuizika ile ya Barnes. Wiki chache baadaye Tokyo alirusha mara sita, zote sita halali, zote sita zaidi ya rekodi ya Olimpiki aliyoingia nayo. Ndefu kuliko zote 23.30. Angeweza kustarehe hapo. Badala yake akaubomoa mtindo wake mwenyewe, akaongeza hatua ya kukatiza duara kabla ya kuzunguka ili kasi ianze kukusanywa mapema zaidi. Mei 2023 akapata 23.56. Agosti mwaka huo Budapest, akiwa na mabonge ya damu kwenye mguu, akarusha 23.51. Paris 2024 akawa mtu wa kwanza kushinda dhahabu tatu za Olimpiki katika tufe.

Wanawake wamechelewa kuingia kwenye mzunguko. Adams aliteleza, Michelle Carter aliyeshinda Rio 2016 aliteleza, Gong Lijiao wa Uchina aliyeshinda Tokyo aliteleza. Sasa hali inageuka: Ogunleye anazunguka, na Chase Ealey wa Marekani, bingwa wa dunia 2022 na 2023, anazunguka. Naamini katika miaka ijayo tutaona mita 21 mara nyingi zaidi kuliko tulivyozoea. 22.63 sijui kama nitaiona ikianguka.

Kuhusu wewe. Usichague mtindo bado. Anza na kurusha umesimama. Shika tufe kwenye mashina ya vidole, lisilale kiganjani, ulibane shingoni hadi chaki ibaki kwenye ngozi. Kwa mrushaji mzuri, kuteleza huongeza kama mita moja na nusu hadi mbili juu ya mrusho wa kusimama. Kama wewe huongezi hata mita moja, tatizo liko miguuni na kuzunguka hakutalitatua. Ukiwa mrefu, mwenye nguvu na mzito kugeuka, kuteleza kutakulipa mapema. Ukiwa mfupi kiasi, mwepesi wa nyayo, na uliwahi kurusha kisahani, jaribu kuzunguka, lakini jipe misimu miwili kabla ya kulihukumu.

Na kila Jumamosi fanya shindano la mazoezi: majaribio sita, mtu asimame na bendera mbili akuhukumu kwa ukali. Andika kwanza ni mangapi yamekuwa halali, kisha ndiyo uandike umbali. Baryshnikov alikuwa na mrusho wa dhahabu akaupoteza kwenye mchujo, na Walsh alikaa siku nzima na mrusho mmoja. Ukifikisha halali tano kati ya sita kwa wiki nne mfululizo ukiwa unazunguka, niandikie tena, tuanze kuzungumzia kasi.